Nusu ya Ulimi

Miaka ishirini na tisa nilionja kahawa za watu
katika chumba cha ghorofani, Moshi mjini:
vikombe arobaini mezani, kijiko kimoja, ndoo ya kutemea.
Nilivuta kwa kelele kama ng'ombe mtoni.
Nikasema: hii ya Kibosho, ilichelewa kuanikwa.
Hii ya Rombo, gunia lake lililala jirani na mafuta ya taa.
Sikukosea. Waulize.

Kahawa niliitema.
Chumvi sikuitema.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto.
Herufi zinapanda mlima zenyewe,
zikifika katikati ya mstari zinachoka.

Ilikuwa Jumanne, kikombe cha kumi na saba.
Nilitaka kusema "chachu".
Wanasema ulimi hauna mfupa;
siku ile haukuwa hata na nyama.
Ndeshau, kijana wa kuosha vikombe, akacheka,
alidhani namwigiza mnunuzi wa Kizungu.
Kisha kijiko kikaanguka na mkono haukujua.

Akaacha kucheka. Akanikalisha chini,
akatazama saa ya ukutani, akaikariri njia nzima:
mbili na dakika ishirini na mbili, mbili na dakika ishirini na mbili.
Hospitalini hilo ndilo lililoulizwa kwanza, ilianza saa ngapi,
na yeye alikuwa na jibu.
Mimi sikuwa hata na jina langu.

Swali la pili: baba yake alikufa kwa nini?
Anasia, mke wangu, akatazama dirishani.
Kwetu Uru jibu lilikuwa moja siku zote.
Baba aliangushwa.
Shangazi Makyao aliangushwa, jembe mkononi.
Kaka Eliufoo aliangushwa harusini, katikati ya hotuba.
Tukamsaka mwangushaji miaka mingi,
tukamwonea mjane mmoja wa jirani mwenye jicho jeupe;
hatukumsalimu mpaka tulipomzika.

Muuguzi akaandika neno moja kwenye faili: ukoo.
Akalipigia mstari.

Kumbe tulirithi zaidi ya kihamba.
Mifereji ya babu inaleta maji migombani,
na ikibomoka tunaisikia usiku, tunatoka na majembe.
Hii mingine, ya ndani, ilijaa kimya kimya.
Presha haina harufu.
Mimi, pua ya Moshi nzima, ningeijuaje?

Ningeijua.
Waliweka meza nje ya kanisa, kupima ni bure,
nikasema nina haraka, kisusio kinapoa.
Mwaka uliofuata walinipata, wakanipa vidonge.
Nikameza mwezi mmoja, kichwa kikaacha kuuma,
vilivyobaki nikamgawia dada yangu
kama mtu anayegawa ndizi.

Sasa Anasia anapika mtori bila chumvi.
Nusu ya ulimi inalalamika,
nusu nyingine imekaa kama mgeni asiyejua lugha.
Asubuhi nanyanyua chupa ya maji mara kumi.
Mara ya sita namchukia kila mtu.

Mwezi uliopita nilimtuma Ndeshau na jani la sale
kwa mtoto wa yule mjane.
Alilipokea. Hakusema kitu.
Nami kwa kusema nilikuwa na nini?

Mwanangu Kunda ana miaka thelathini na minne na kitambi cha nyama choma.
Nimemwambia, kwa maneno manne niliyoyapata siku hiyo:
kapime, baba, kapime leo.
Ana haraka, anasema. Kuna mtu anamngoja Arusha.
Namwangalia anavyowasha gari,
mkono wa marehemu Eliufoo umeshika usukani.

Jumamosi Ndeshau huleta kikombe kimoja, amekifunika kwa sahani.
Navuta kwa upande wa kushoto. Nyingine inadondoka shatini.
Namtazama machoni, natafuta, nasubiri,
miezi mitano nimesubiri,
nasema: cha-chu.
Anaonja. Anatikisa kichwa.
Hapana mzee, anasema, hii ni tamu.

Tunaonja tena.